Moto wa Pili

Somo: Yohana 18:10–27 na 21:9–17

Karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache kabla kila mtu hajashika njia ya kwenda kazini.

Huenda wakati huu mama fulani yuko jikoni, redio iko juu ya kabati, naye anakata sukuma wiki. Mama, hebu kitazame kisu hicho ulicho nacho mkononi. Wakitumia kila siku, lakini je, umewahi kujiuliza jinsi kilivyotengenezwa, hata kikawa kigumu cha kutosha kukata, na bado kisivunjike kinapoanguka sakafuni? Sisi hatukuwa tumejiuliza. Tulikuja kulijua jambo hilo tulipojaribu kutengeneza kisu chetu cha kwanza kwa mikono yetu wenyewe, nacho kikavunjika vipande viwili mbele ya macho yetu. Asubuhi hii twataka kuwasimulia habari za kisu hicho, pamoja na habari za kijana mmoja.

Sisi ni walimu wa vijana katika ushirika wetu. Tuliona vijana wengi waliomaliza shule wakishinda barabarani bila kazi, tukaazimia kuwafundisha kazi ya mikono kila Jumamosi. Karibu na kanisa alikaa mzee mmoja, mfua chuma, naye akakubali kutufundisha sisi pamoja na vijana, maana sisi wenyewe hatukujua lolote. Kazi hiyo si ngeni katika nchi yetu. Wasamia wa upande wa Busia walijulikana tangu zamani kwa majembe yao, na wahunzi wa pande za Mlima Kenya walipata chuma chao katika mchanga mweusi wa mitoni, wakauchoma kwa makaa na mivukuto. Hata leo ukikaribia Kamukunji, Nairobi, utazisikia nyundo za mafundi wa jua kali kabla hujawaona wenyewe.

Wako waliotuuliza, "Walimu, kanisa litawafundishaje vijana kutengeneza visu?" Swali lao lilikuwa la haki, maana wengi wetu hatujasahau yaliyotendwa kwa panga mwanzoni mwa mwaka 2008. Basi tulikubaliana jambo moja na vijana tangu siku ya kwanza: kila mmoja atatengeneza kisu cha jikoni, na kitakapokwisha atampa mama yake, au nyanya yake, au mama yeyote aliyemlea.

Mzee alianza kwa kutuonya kwamba si kila chuma chafaa kuwa kisu. Ukichukua nondo ya kujengea au chuma cha dirisha, waweza kukinoa mchana kutwa, na kesho yake kikawa butu. Sababu yake ni kwamba ndani ya chuma kuna kitu kidogo kiitwacho kaboni, na chuma chenye kaboni kidogo mno hakiwezi kutiwa ugumu. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha, kama sehemu 6 katika kila sehemu 1,000. Tupa kuukuu inayo zaidi, kama sehemu 10 au kupita. Tukaleta bamba la springi lililovunjika, la pikapu kuukuu. Mzee akakata kipande kidogo, akakitia motoni mpaka kikawa chekundu, akakitumbukiza majini, kisha akakigonga kwa nyundo. Kikavunjika kama sahani. Akafanya vivyo hivyo na kipande cha nondo, nacho kikapinda tu. "Haya," akasema, "sasa mmejua."

Tanuru yetu ilikuwa rimu ya gurudumu iliyojazwa makaa, na upepo ulitoka kwenye feni iliyozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Fuawe yetu ilikuwa kipande cha reli. Tulilipiga lile bamba likiwa na rangi ya chungwa lililoiva, na kila lilipoanza kuingia giza mzee alipaza sauti, "Acheni! Rudisheni motoni!" maana chuma kilichopoa kikipigwa hupata nyufa. Tulipofikia unene wa milimita 4 tukakizika chuma hicho, kingali cha moto, ndani ya majivu makavu, kipoe polepole usiku kucha. Chuma kikipoa hivyo hulainika, na tupa huweza kukila.

Jumamosi iliyofuata tulichora umbo la kisu kwenye kadibodi: bapa la sentimita 12, na msuka wa kuingia katika mpini sentimita 10. Tukalipitisha umbo hilo juu ya chuma kwa ncha ya msumari, tukakibana chuma kwenye jiliwa, ile ambayo mafundi wengi huiita vaisi, tukakata kwa msumeno wa chuma. Kisha tupa. Ndugu zangu, kazi ya tupa ni kazi ya saburi! Tupa hula ikisukumwa mbele tu. Ukiirudisha nyuma kwa kuikandamiza waiharibu meno bure. Mafundi wengi wa siku hizi wana mashine ya umeme ya kusaga. Sisi hatukuwa nayo, na mzee alisema ni heri, maana afanyaye kazi kwa tupa huliona kosa lake kabla halijawa kubwa. Tulitoboa matundu ya mpini kwa keekee mapema, kwa sababu chuma kikiisha kutiwa ugumu hakitobolewi tena. Na sehemu ya makali tuliiacha na unene wa milimita 1. Ikiwa nyembamba mno, moto utaipinda au kuipasua.

Ilikuwa Jumamosi ya tatu tulipoona kwamba tupa moja haipo, tena ile iliyokuwa bora kuliko zote. Tukaulizana, na mwisho ikajulikana kwamba kijana mmoja aliichukua akaiuza. Hatukumwita kando. Tulimsimamisha mbele ya wenzake wote, tukamwambia maneno ambayo hatupendi kuyarudia hapa redioni, na mwisho tukasema kwamba mwizi hana nafasi katika nyumba ya Bwana. Yule kijana hakujitetea. Alikiweka kisu chake juu ya meza, kikiwa kimepigwa tupa upande mmoja tu, akatoka. Vijana wengine wakainamisha vichwa. Nasi tulijisikia kuwa tumetenda jambo la haki, tumelilinda kundi. Mzee alitutazama kwa muda, kisha akaendelea kuchochea makaa bila kusema neno.

Ikafika siku ya kutia ugumu. Kazi hiyo hufanywa kivulini au jioni, ili rangi ya moto ionekane vizuri. Tulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, na ndoo ya mchanga karibu, maana mafuta yakiwaka hayazimwi kwa maji. Mzee alikuwa amening'iniza sumaku kwenye waya. Chuma kikipata joto la nyuzi kama 770 sumaku haikishiki tena, na hapo fundi hujua kwamba amekaribia. Tukangoja kidogo zaidi, mpaka rangi ikawa sawa toka ncha hata msuka, kisha tukakitumbukiza kisu katika mafuta, ncha ikitangulia, moja kwa moja. Moshi ukapanda. Tulipokitoa na kukijaribu kwa tupa, tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Tukashangilia! Mzee akasema, "Kiwekeni pale juu ya mbao, msikiguse, naenda kunywa chai."

Nasi tukakigusa. Tulitaka kuwaonyesha vijana kazi ya mikono yetu. Kisu kikapokewa mkono kwa mkono, kikamponyoka mmoja wetu, kikaanguka juu ya saruji. Hakikuanguka kutoka juu sana, ni kimo cha kiuno tu. Tukasikia mlio kama wa glasi, na tulipoinama kukiokota, vilikuwa vipande viwili.

Mzee aliporudi alivichukua vile vipande, akavitazama pale palipovunjika, wala hakukasirika. Akatueleza kwamba chuma kikipata joto lile kali, kaboni huenea ndani yake, na kikizimwa kwa ghafula kaboni hiyo hunaswa, isiweze kurudi mahali pake. Hapo chuma huwa kigumu sana, lakini ndani yake mna mvutano, kama kamba iliyokazwa kupita kiasi. "Mmekipa moto wa kwanza tu," akasema. "Huo wa kwanza hukifanya kiwe kigumu. Bila wa pili hakifai kitu." Kisha akanyamaza, akavipanga vile vipande viwili juu ya meza, kando ya kile kisu cha yule kijana, akasema kwa sauti ya chini, "Hata yule mtoto mlimpa moto wa kwanza tu."

Wasikilizaji wapenzi, hakuna hotuba iliyowahi kutuchoma mioyo kama maneno hayo machache.

Tulitengeneza kisu kingine, na mara hii tuliuona moto wa pili. Kisu kilichokwisha kutiwa ugumu husuguliwa kwa msasa mpaka king'ae, ili rangi zionekane. Kisha kipande kinene cha chuma hupashwa moto katika makaa, na kisu huwekwa juu yake, mgongo chini, makali juu. Hakuna kupuliza wala kuharakisha. Joto hupanda taratibu, nayo rangi hutokea juu ya chuma kama mapambazuko: kwanza rangi ya nyasi kavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawati. Rangi ya nyasi kavu ikifika kwenye makali, joto limefika nyuzi kama 220, na kisu hutolewa papo hapo. Chuma kinabaki kigumu, lakini ule mvutano wa ndani umelegea. Sasa kikianguka hakivunjiki. Na angalieni jambo hili: huo nao ni moto. Ukiuacha mpaka makali yawe samawati, kisu hulainika kupita kiasi, wala hakishiki makali sawasawa tena. Kwa hiyo fundi husimama karibu, halitoi jicho lake juu ya kisu.

Usiku ule tulikisoma tena kitabu cha Yohana, nasi tukaona jambo ambalo tulikuwa tumelipita mara nyingi. Petro alikuwa mtu mgumu na mkali. Bustanini alichomoa upanga, akamkata sikio la kuume Malko, mtumwa wa kuhani mkuu. Mtu angemwona usiku ule angesema, huyu hatavunjika kamwe. Lakini saa chache baadaye kijakazi aliyekuwa mlangoni alimwuliza swali moja tu, na Petro akavunjika. Tena aliulizwa akiwa anakota moto pamoja na watumwa na walinzi, naye akakana. Mara ya tatu aliulizwa na jamaa yake yule aliyekatwa sikio, akakana tena. Yohana atuambia kwamba moto ule ulikuwa wa makaa.

Sasa funua sura ya 21. Bwana amefufuka, amesimama ufuoni pa bahari ya Tiberia wakati wa asubuhi, na wanafunzi wanapofika nchi kavu wanaona nini? Wanaona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Bwana anawalisha kwanza. Baada ya kula ndipo anapomwuliza Petro kama anampenda. Amwuliza mara tatu, sawasawa na mara alizokana. Mara ya tatu Petro anahuzunika, maana swali lile laingia pale penye jeraha. Bwana hakujifanya kwamba hakuna lililotokea. Lakini hakumrudisha Petro katika ule uwanja wa kuhani mkuu ili aaibishwe mbele ya watu. Alimketisha penye chakula, akaligusa kosa lake, na baada ya kila jibu akamkabidhi kazi, kuwachunga kondoo wake. Huo ndio moto wa pili. Petro aliyeondoka ufuoni pale alikuwa bado Petro, lakini sasa angeweza kutumiwa.

Jumatatu jioni tulikwenda kwao yule kijana. Tukapiga hodi. Mama yake akatukaribisha kwa furaha, akatuwekea viti, akatia chai motoni. Akasema, "Walimu, pole kwa kazi. Mwanangu aliniambia darasa limefungwa. Je, litafunguliwa lini?" Tukatazamana. Kumbe hakumwambia! Tungeweza kulifunua jambo lote pale pale, na juma moja nyuma tungelifunua bila kufikiri. Tukasema tu, "Mama, tumekuja kumwita arudi."

Kijana alipoingia na kutuona, alisimama mlangoni, hakujua aketi au akimbie. Tukatoka naye nje. Tukamwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba tupa ile si yetu, ni ya kanisa, na lazima ailipe. Naye atailipa kwa kumsaidia mzee kuchochea moto Jumamosi nne. La pili, kwamba sisi tulimkosea kwa kumwaibisha mbele ya wenzake, na tunamwomba msamaha. Hakujibu kitu. Alichora chini kwa kidole cha mguu, mpaka tukaaga.

Jumamosi hiyo hakuja. Tuliomba msamaha hata hivyo mbele ya vijana wote, kwa kuwa kosa letu tulilitenda mbele yao. Jumamosi iliyofuata alikuja akiwa amechelewa, akasimama kando ya mlango. Hakuna aliyemkodolea macho. Kisu chake kilikuwa pale pale alipokiacha. Mzee akamwambia, "Lete makaa, baba," naye akaenda kuleta makaa.

Alizitimiza Jumamosi zote nne. Alipiga tupa upande wa pili, akakitia ugumu, na katika moto wa pili alisimama peke yake, asimruhusu mtu kumsemesha, mpaka ile rangi ya nyasi kavu ilipofika kwenye makali. Mpini aliufanya kwa vipande viwili vya mzeituni wa mwituni, mti mgumu wa milima yetu, akavikaza kwa ribiti tatu, akasugua kwa msasa na kuupaka mafuta. Kisha akakinoa juu ya jiwe lenye maji, akiinua mgongo wa kisu kidogo tu, kama nyuzi 20, upande huu na upande huu, mpaka kikakata karatasi bila kuichana. Alimweleza mzee kwa nini aliiuza ile tupa. Sisi hakutueleza, nasi hatujamwuliza. Bado hatusemeshi sana, na hiyo ni haki yake. Lakini kisu kiko jikoni kwa mama yake, na Jumamosi hakosi.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe ni mzazi, na juzi ulimwambia mtoto wako neno zito, naye hajarudi mezani kula pamoja nawe. Huenda ni mwalimu, au mzee wa kanisa uliyekaa katika baraza na kumtenga mtu, na hukumu yenu ilikuwa ya kweli. Hatusemi mlikosea kulisema kosa. Chuma kisichopitia moto wa kwanza hakikati kitu. Tunauliza tu: moto wa pili mliuwasha? Je, kuna aliyekwenda nyumbani kwake, akanywa chai yake, akampa kazi ya kufanya? Nawe usimlegeze mpaka kosa liwe si kosa tena, kama kile kisu cha samawati. Simama karibu naye, ukiangalia rangi.

Na huenda wewe ndiwe uliyevunjika, uliyetoka mlangoni bila kusema neno. Jua kwamba mfua chuma havitupi vipande. Vile vipande viwili vya kisu chetu mzee alivirudisha motoni, na leo ni patasi mbili ndogo tunazozitumia kila Jumamosi. Bwana yuko ufuoni. Makaa yamekwisha kuwashwa, na chakula ki tayari.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwita Petro penye moto wa makaa, utusamehe kwa kila mtu tuliyemvunja tukidhani tunakutumikia. Utupe saburi ya kusimama karibu na wale tuliowahukumu. Uwarudishe waliokwenda mbali kwa sababu yetu, na ututume sisi kwanza kwenda kuwapigia hodi. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Bwana awe pamoja nanyi katika kazi zenu zote leo.